Sifa za Fundi wa Maungio

Mvua za kupandia zinapokaribia bonde la Kilombero, nyumba nyingi za vijijini hubaki na kufuli mlangoni, na jirani akiulizwa hujibu kwa maneno mawili: wameenda shamba. Shamba lenyewe laweza kuwa mbali, ndani ya tambarare inayofurika kila mwaka, ambako familia hujenga kibanda au dungu, hupanda mpunga, hupalilia, huamia ndege, kisha hurudi kijijini mavuno yakiisha. Katika miezi hiyo watoto huzaliwa hukohuko, wagonjwa hufia hukohuko, na shangazi aliyekuja kusaidia kuvuna huamua kubaki. Kwa mkulima hakuna fumbo hapo: ana kijiji, ana shamba. Fumbo ni la mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akiandika programu ya kutunza kumbukumbu za nani anaishi wapi, tangu lini, na kama aliondoka, alikwenda wapi.

Ifakara, mji wa bonde hilo nchini Tanzania, imekuwa na programu za namna hiyo kwa takribani miaka 30. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1956 ikiwa maabara ndogo ya Waswisi iliyoasisiwa na Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel. Miaka 40 baadaye, kati ya Septemba na Desemba 1996, wahojaji walipita mlango kwa mlango katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga wakiandikisha kila mtu. Kilichowasukuma ni vyandarua. Mradi wa KINET ulikuwa unaeneza vyandarua vyenye dawa kwa njia ya biashara, kwa nembo ya Zuia Mbu, na ulihitaji kujua kama kweli vinaokoa watoto. Kwa hiyo kila kaya ilitembelewa upya kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama. Majibu yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2001. Vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa kuishi kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Namba hiyo ilisafiri mbali kuliko mtu yeyote aliyeikusanya. Wanaoitaja huwakumbuka wanasayansi, na wachache huwakumbuka wahojaji waliovuka madimbwi na madaftari yao kichwani. Sijapata kusikia mtu akimkumbuka aliyekaa chumbani akihakikisha kwamba sehemu ya programu inayoandika vifo inaelewana na sehemu inayoandika makazi. Yeye ndiye ninayetaka kumsifu.

Programu yenyewe ilikuwa na ndugu. Mfumo wa kuandikisha kaya uliojulikana kwa herufi zake, HRS, ulikulia Navrongo, kaskazini mwa Ghana, na James Phillips, Bruce MacLeod na mwenzao waliueleza kwa marefu katika makala ya mwaka 2000. Hoja yao ilikuwa rahisi na nzito. Vituo vya utafiti wa aina hii barani Afrika na Asia vinatofautiana kwa mengi, ila mifupa ni ileile: watu wanaishi katika kaya, wanazaliwa, wanaoana, wanahama, wanakufa. Basi mifupa iandikwe mara moja, pamoja na ukaguzi wake, na kila kituo kiongeze nyama yake. Ifakara wakaichukua. Rufiji, walioanza kufuatilia kaya zao mwaka 1998, wakaichukua pia. Iliandikwa kwa FoxPro, na mwaka 2007 Microsoft walipotangaza kwamba hawatatoa tena toleo jipya la Visual FoxPro, ilikuwa dhahiri kwamba familia hii ingehitaji nyumba nyingine.

Nyumba hiyo ikaja kuwa OpenHDS. Karatasi ikakipisha kishikwambi. Mhojaji hujaza fomu akiwa kwenye mkeka wa mwenyeji wake. Fomu husafiri hadi seva ya ODK, zana iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Programu nyingine iitwayo Mirth huzichukua hapo na kuzikabidhi kwa OpenHDS. OpenHDS huzikagua, ikaziweka katika kanzidata ya MySQL. Ifakara wanaijua safari hiyo. Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kiliitumia wakati wa mradi wa SolarMal uliopambana na malaria kwa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua. Kiini kimoja, yaani ile mifupa ya pamoja, kilikuwa kinawahudumia wakulima wa mpunga huku na wavuvi kule.

Wahandisi huita utaratibu huu familia ya programu. David Parnas aliandika juu yake mwaka 1976, akishauri kwamba kabla hujatengeneza programu moja, fikiria ndugu zake wote watakaokuja, uamue mapema ni yapi watashirikiana na ni yapi kila mmoja atakuwa nayo peke yake. Viwanda vya simu, magari na mifumo ya meli vimetajirika kwa ushauri huo. Faida yake inaeleweka hata kwa asiye fundi: unalipia kiini mara moja. Gharama yake huja baadaye, kwenye maungio.

Kila moduli, yaani kila sehemu ya programu, hujaribiwa kwanza ikiwa peke yake. Moduli ya vifo hupewa kifo cha mfano, ikakiandika sawasawa, ikapita. Moduli ya makazi nayo ikapita. Baada ya hapo ndipo huja majaribio ya uunganishaji, kazi ya kuziweka pamoja na kutazama kama zinasikilizana. Anayedhani hatua hii ni ya kukamilisha ratiba tu na akumbuke posa. Kijana ana sifa njema kwao, binti ana sifa njema kwao, wazee wa pande zote mbili wameapa. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachokuambia wakikaa pamoja chakula kitaiva saa ngapi. Tabia za watu wawili chini ya paa moja ni jambo la tatu, lisilo ndani ya mmoja wala ndani ya mwingine. Kasoro za maungio ni za aina hiyo. Ukifungua moduli moja moja kuzitafuta huzioni, maana hazimo.

Katika programu ya kawaida fundi wa maungio ana ndoa moja ya kusimamia. Katika familia ya programu anaulizwa kuhusu ndoa ambazo hazijafungwa, na baadhi ya wachumba hawajazaliwa. Kiini kinatengenezwa leo. Moduli ya Ifakara ya mwaka kesho haipo bado. Klaus Pohl, Günter Böckle na Frank van der Linden, katika kitabu chao cha mwaka 2005 kuhusu uhandisi huu, walitazama njia kadhaa za kutoka hapo. Unaweza kujaribu kila mchanganyiko unaowezekana, jambo ambalo wenyewe waliona halitekelezeki. Unaweza kungoja kila kituo kijaribu chake mwishoni, na hapo kasoro moja ya kiini itagunduliwa Ghana, igunduliwe tena Kenya, igunduliwe tena Ifakara, kila mahali kwa machozi mapya. Unaweza kutengeneza bidhaa moja ya mfano na kuijaribu hiyo. Au unaweza kujaribu kiini mapema kwa kuweka vibadala mahali pa moduli zisizokuwepo, ukaandika majaribio yenyewe kwa namna ambayo yana nafasi wazi, ili kila kituo kikija kijaze nafasi zake na kuyatumia tena. Njia hii ya mwisho naiona ndiyo ya kiungwana, kwa sababu anayehamishiwa kiini hapewi programu tupu. Anapewa pia maswali ya kuiuliza.

Ila kibadala kina hatari yake, na mfano mkubwa wa hatari hiyo ulitokea mwaka uleule wa sensa ya Ifakara. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou, Guyana ya Ufaransa, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza na kuharibika angani kabla ya kutimiza dakika moja. Programu ya kifaa chake cha kupima mwelekeo na mwendo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila lawama. Ariane 5 ilishika kasi ya mlalo upesi zaidi kuliko dada yake mkubwa, namba moja ikavimba kupita nafasi iliyotengewa, ambayo mwisho wake ni 32,767, na kifaa kikajizima. Cha akiba kilikuwa na programu ileile, kwa hiyo nacho kilikuwa kimekwisha kujizima sehemu ndogo tu ya sekunde kabla yake. Kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu ikadhani ni habari za safari, ikageuza injini kwa nguvu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilieleza kwamba kifaa hicho hakikuwahi kujaribiwa kwa njia halisi ya kurukia ya Ariane 5, na kwamba katika majaribio ya mfumo mzima mahali pake paliwekwa kibadala cha programu. Na sehemu ya programu iliyoleta balaa haikuwa hata na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Ilibaki kwa sababu dada mkubwa alikuwa nayo.

Hadithi hii husimuliwa sana madarasani, na mara nyingi huishia kwenye namba iliyovimba. Kwangu mimi uzito wake ni kwamba moduli ile haikuwa na kosa ilipokuwa nyumbani. Kosa lilizaliwa safarini, kati ya ndugu mmoja na mwingine.

Na bado watu wa Ariane walikuwa na bahati moja ambayo wa Kilombero hawana: roketi ililipuka. Kila mtu aliona. Programu ya kufuatilia kaya ikikosea kwenye maungio haitoi moshi. Inatoa namba safi yenye desimali mbili.

Chukua mfano wa kubuni. Watoto 100 wanafuatiliwa mwaka mzima, kwa hiyo tuna miaka 100 ya maisha ya kuhesabia. Watano wanafariki. Kiwango cha vifo ni 50 kwa kila 1,000. Sasa tuseme watoto 40 kati yao hukaa na wazazi wao shamba kwa nusu mwaka, na moduli ya makazi, ikiwa haina habari ya shamba, inaandika kwamba wamehama. Miaka 20 ya maisha inapotea, inabaki 80. Vifo vikibaki vitano, kiwango kinapanda hadi 62.5, na pengine mtu atashtuka na kuuliza. Lakini kama kifo kimoja kati ya hivyo kilitokea shamba, na moduli ya vifo ikakikataa kwa kuwa mtoto “hayupo” siku hiyo, vinabaki vinne juu ya 80. Gawanya. Jibu ni 50, namba ileile ya kweli, iliyopatikana kwa makosa mawili yaliyofutana. Hakuna atakayeuliza chochote. Mwaka unaofuata makosa hayatafutana kwa kiasi kilekile, na mtaalamu mmoja ataandika ukurasa mzima akieleza kwa nini vifo vimepungua bondeni.

Ndiyo maana nasema fundi wa maungio wa mfumo wa kaya anahitaji ujuzi mwingi kuliko wa roketi. Najua wapo watakaocheka.

Ujuzi wa kwanza ni hesabu, na hapa kuna uzuri ambao haupaswi kuachiwa wanahisabati peke yao. Tuseme kiini kina vipengele 10 vya hiari, kila kituo kinachagua kiwe nacho au kisiwe nacho: kishikwambi au karatasi, shamba, wake wengi, ujauzito, chanjo, mali za kaya, mahojiano ya chanzo cha kifo, na vinginevyo. Mipangilio inayowezekana ni 1,024. Vikiwa 33, mipangilio inazidi idadi ya watu wote waliopo duniani. Hakuna taasisi yenye siku za kutosha, na yenye umeme wa kutosha ndiyo kabisa haipo.

Ila kasoro nyingi hazihitaji mchanganyiko mkubwa. Richard Kuhn na wenzake wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walichunguza hitilafu za mifumo ya aina mbalimbali, vikiwemo vifaa vya hospitali, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba nyingi huamshwa na sharti moja au kukutana kwa masharti mawili, na hakuna waliyoikuta iliyohitaji zaidi ya sita. Basi badala ya mipangilio yote, tafuta michache ambayo ndani yake kila jozi ya vipengele inakutana katika hali zake zote nne: vyote vipo, cha kwanza tu, cha pili tu, vyote havipo. Vipengele 10 vina jozi 45, hivyo hali 180. Inahitajika mipangilio mingapi kuzionja zote? Sita. Vipengele 15 huhitaji saba, na 35 huhitaji minane tu. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1973 na Gyula Katona wa Hungaria, na pia na Daniel Kleitman na Joel Spencer wa Marekani. Kila ninapolirudia nahisi nimedanganywa, kisha nachukua karatasi, nachora safu sita, na hesabu inakaa.

Kama jaribio moja la uunganishaji linachukua nusu siku, tofauti ni kati ya siku tatu na siku 512.

Jedwali hilo la mipangilio sita lakini halijui chochote kuhusu dunia. Litakupangia kituo kinachotumia karatasi na papo hapo kinasoma alama za vidole kwa kishikwambi. Litakupangia mahojiano ya chanzo cha kifo mahali ambapo vifo haviandikwi. Kyo Kang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipendekeza mwaka 1990 mchoro wa mti wa vipengele, unaoonyesha kipi kinahitaji kipi na kipi kinamfukuza mwenzake, na fundi mzuri huanza hapo, akafyeka mipangilio isiyowezekana kabla hajaipa hata dakika moja. Kisha anafika mahali ambapo mti nao unanyamaza. Jozi zimepatikana kwa hesabu. Kasoro za vitu vitatu kukutana, au vinne, ni nyingi mno kuzipanga zote, lazima achague. Hapo ndipo anapotakiwa kulijua bonde.

Pacha ni mfano ninaoupenda. Katika nchi yetu pacha wengi huitwa Kulwa na Doto, majina ya Kisukuma yaliyoenea kila mkoa, na Wasukuma wenyewe wapo Kilombero na mifugo yao. Lakini siku ya kwanza mtoto aghalabu hana jina. Fomu huandikwa “mtoto wa” fulani. Sasa tazama vipengele vitatu vinavyokutana. Moduli ya ujauzito inaruhusu ujauzito mmoja kuzaa watoto wawili, vizuri. Moduli ya majina inaruhusu jina la muda, vizuri. Moduli ya kusaka waliorudiwa, iliyowekwa kwa nia njema ili mtu asiandikwe mara mbili, inatafuta watu wenye jina moja, jinsia moja, mama mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa, na kumfuta mmoja. Kila jozi ya moduli hizi inaweza kupita majaribio bila tatizo. Zikikutana zote tatu, pacha mmoja wa jinsia moja na mwenzake anatoweka kabla hajapewa jina la Doto. Mwandishi wa programu anaweza kukaa miaka asilione hili. Mkunga wa kijijini angelitaja ndani ya dakika kumi, kama angeulizwa.

Kuuliza ni sehemu ya kazi. Mjaribu mvivu hujitungia kaya ya majaribio yenye baba, mama na watoto wawili, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, hakuna anayehama, hakuna anayekufa, na baba anaitwa Jaribio Jaribio. Kaya hiyo hupita kila mtihani duniani. Fundi ninayemsifu huketi na wahojaji, wale waliozoea kupiga hodi, na hutunga kaya zinazofanana na za watu: bibi ndiye mkuu wa kaya, anamlea mjukuu ambaye mama yake yuko Dar es Salaam; mwanamume ana wake wawili katika vitongoji viwili na kila mke anasema baba analala kwake; binti ameolewa Malinyi, akarudi, akaolewa tena, na jina la mume wa pili limeandikwa kwa namna mbili. Humfanya mtu ahame na kurudi mara tatu katika raundi moja. Humuua, kisha hutuma fomu inayosema amezaa, aone kama mfumo utakataa, na ukikataa aone unamweleza nani.

Shamba nalo humpa kazi ya pekee, kwa sababu linagusa kila kitu. Kila kituo cha namna hii kina kanuni yake ya miezi ambayo mtu lazima akae, au akose, ndipo ahesabiwe mkazi au mhamaji; namba hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo kiini kimeachia kituo kiamue. Sasa msimu wa mpunga una urefu wake, na kutembelea kaya kuna mzunguko wake. Kanuni, msimu na mzunguko vikikaribiana, mtu yuleyule atakuwa mkazi au mhamaji kutegemea mhojaji alibisha hodi Jumatatu ipi. Hivyo jaribio halifanywi kwa mtu aliyekaa shamba mwezi mmoja, wala kwa aliyekaa mwaka. Hufanywa kwa aliyekaa siku moja pungufu ya kanuni, aliyekaa kanuni kamili, na aliyezidisha siku moja, na kila mmoja wao apate mtoto akiwa huko.

Halafu kuna suala la mpangilio wa kufika. Mama kahamia kijijini mwezi Februari, kajifungua Machi. Fomu ya kuhamia ilijazwa kwenye kishikwambi kimoja, fomu ya uzazi kwenye kingine, maana wahojaji waligawana vitongoji. Kishikwambi cha pili kikapata mtandao kwanza. Mtoto anafika kwenye mfumo, mfumo unamtafuta mama, haumwoni, unamkataa mtoto. Baadaye mama anafika, anapokelewa, na hana mtoto. Hakuna moduli iliyokosea. Fundi hutuma fomu hizo kwa makusudi kinyumenyume, hutuma moja mara mbili, hukata umeme katikati ya kutuma, kisha huhesabu watoto upande wa pili. Wageni wa ofisi wakija hawaonyeshwi kazi hii. Wanaonyeshwa ramani ya rangi kwenye skrini, wanapiga picha, wanaondoka, na ramani hiyo ina ukweli kwa kadiri ya yule aliyekata umeme makusudi.

Upande mwingine wa familia nao haulali. Wavuvi huhama kwa kufuata samaki, si mpunga, na kituo cha kisiwani kikiomba kiini kilegezwe ili kukubali safari fupi za mara kwa mara, ombi hilo ni halali kabisa. Mabadiliko yakiingia kwenye kiini bila majaribio ya Ifakara kurudiwa, yataletwa Ifakara yakiwa yamefungwa vizuri kama toleo jipya, na sheria ya mtu mmoja kuwa na makao mamoja itakuwa imelegea bila mtu wa Kilombero kushirikishwa. Kwa hiyo jaribio lililoandikwa na kituo kimoja halipaswi kukaa kwenye kompyuta ya kituo hicho. Linatakiwa liingie kwenye kiini, likae humo, likimbizwe kila mara msimbo unapoguswa, awe ameugusa mtu wa Maine kule Marekani, wa Basel au wa Nairobi. Kaya ya kubuni ya bibi na mjukuu wake inakuwa mali ya ukoo mzima, na anayelima mahindi Malawi analindwa na kisa cha mpunga.

Majaribio yakirundikana hivyo, siku moja mtu hutaka kuyapunguza. Yanachelewesha kazi, na mengine yanaonekana yamepitwa na wakati. Fikiria jaribio linaloigiza kumbukumbu za Ulanga kuchelewa kufika Ifakara kwa wiki mbili, zote zikaja siku moja kwa mkupuo. Lingekuwa na maana wazi siku za kivuko, Mto Kilombero ukiwa umejaa. Mwaka 2018 daraja la mita 384 lilifunguliwa hapo, na minara ya simu ipo, kwa hiyo kijana mwenye haraka atasema jaribio hilo lifutwe. Fundi wa maungio hatambishia kuhusu daraja. Atamuuliza mhojaji anayetembelea mashamba ya ndani mwezi Aprili, kishikwambi kikiwa kwenye mfuko wa plastiki na chaji ikiwa imebaki kidogo, anapata mtandao lini. Akijibiwa kwamba ni mpaka arudi barabarani baada ya siku kumi na mbili, ataliacha jaribio mahali pake, atabadilisha maelezo yake yasiseme tena kivuko, na ataendelea na linalofuata.